Kumsikiliza Kijana Aliye Mikononi mwa Sheria

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na waumini, Lagangabilili, Wilaya ya Itilima



Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi yetu ya kuwasikiliza vijana waliokinzana na sheria. Tunasema "sisi" kwa kuwa kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Tumo washauri nasaha wachache, wamo wasaidizi wa kisheria, na wamo walei waliofundishwa namna ya kuketi na kijana mwenye hofu. Wengi wenu mmekwisha kuonana na vijana hao kabla yetu. Ni wana wa majirani zenu. Baadhi yao wamechunga ng'ombe wenu, na baadhi mliwapokea Kipaimara mkiwa wasimamizi wao.

Jambo moja tungependa lieleweke kabla ya mengine yote. Kila anayekutana na kijana aliyekamatwa humwuliza swali lile lile: "Kwa nini ulifanya?" Sungusungu wamemwuliza, polisi wamemwuliza, baba yake amemwuliza akiwa ameshika fimbo, na mwalimu naye amemwuliza. Sisi, kwa majuma yote kabla ya hukumu, hatumwulizi. Tumekuja kueleza sababu, na kuwaombeni ninyi nanyi msimwulize.

Sheria inasemaje

Wazee wetu wengi bado wanaufuata moyoni utaratibu wa zamani. Sheria ya Watoto na Vijana iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1937 ilitumika nchini mwetu kwa zaidi ya miaka 70, na kwa sheria hiyo ulinzi wa kijana mahakamani ulikoma alipotimiza miaka 16. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, ambayo leo ni Sura ya 13 ya Sheria za Tanzania, iliufuta utaratibu huo. Sasa mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Kijana wa miaka 17 mwenye ndevu, awezaye kulima kutwa kwa maksai na kumwangusha dume la ng'ombe peke yake, mbele ya sheria ni mtoto.

Kifungu cha 119 cha sheria hiyo kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Mahakama ya Watoto yaweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumwamuru mzazi alipe fidia, au kumpeleka katika shule ya maadilisho, ambayo iko Irambo, mkoani Mbeya. Mashauri yote ya watoto husikilizwa huko, isipokuwa ya mauaji, ambayo hupelekwa Mahakama Kuu. Hakimu huketi faragha bila watazamaji. Mzazi au mlezi yatakiwa awepo, na Afisa Ustawi wa Jamii hali kadhalika. Mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kuhesabiwa kosa la jinai, na yule aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi isipokuwa ithibitike kwamba aliweza kutambua kuwa alilotenda ni baya. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2022, wameupandisha umri huo hadi miaka 12 kamili, na Uganda walikwisha kufanya hivyo zamani. Sisi tungali tunabishana juu ya watoto wa darasa la nne.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yanayotokea huanza na swali la umri. Hapa kwetu watoto wengi walizaliwa nyumbani na hawana cheti cha kuzaliwa. Kijana hukamatwa usiku, huulizwa umri wake, naye kwa hofu au kwa majivuno husema 19. Au haulizwi kabisa, hutazamwa tu mabega yake. Namba iliyoandikwa usiku ule humfuata hadi mahakamani, na kama hakuna wa kuipinga, kijana wa miaka 16 huwekwa mahabusu pamoja na watu wazima. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua vizuizi nchini na kutoa taarifa yake mwaka 2011, iliwakuta watoto wakiwa wamechanganywa na watu wazima, jambo ambalo sheria ilikuwa imekwisha kulikataza. Na nafasi za kuwaweka kwingine zilikuwa chache: kwa miaka mingi mahabusu za watoto zilikuwa tano tu nchini, yaani Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya, hata Mtwara ilipoongezwa. Tazameni ramani, mtaona jinsi zote zilivyo mbali na Kanda ya Ziwa.

Katika jambo hili parokia ina kitu ambacho ofisi nyingi hazina, nacho ni daftari la ubatizo. Limeandikwa mtoto alipozaliwa, limeandikwa na mtu asiye na maslahi katika kesi, tena miaka mingi kabla ya kesi yenyewe. Nakala yake iliyotiwa sahihi na paroko, pamoja na kadi ya kliniki kama mama aliitunza, humsaidia hakimu kuamua umri. Tumeona kijana akihamishwa kutoka kwa watu wazima kwa sababu ya mstari mmoja katika daftari hilo. Kwa hiyo tunapowaambia kwamba kazi ya kuponya roho ya kijana huanza katika kabati la ofisi ya parokia, hatutanii.

Kwa nini hatumwulizi alichofanya

Tupite sasa kwenye kazi yetu yenyewe. Jina lake linatuponza kidogo. "Ushauri" ni ushauri, na "nasaha" nayo ni ushauri. Ukiyaunganisha maneno hayo watu hudhani kwamba tunakwenda kumpa kijana maonyo mara mbili. Kijana huyo maonyo ameyashiba. Kazi yetu kubwa ni kusikiliza, na wengine huiita tiba ya mazungumzo, nasi hatuna ugomvi na jina hilo.

Lakini mazungumzo yana hatari yake. Wakili amewekewa kinga na Sheria ya Ushahidi: alichoambiwa na mteja wake hawezi kulazimishwa kukitoa mahakamani. Mshauri nasaha hakuwekewa kinga ya namna hiyo. Kijana akitueleza leo, huku akilia, namna alivyofungua zizi la jirani, na kesi yake bado haijaamuliwa, maneno yale yanaweza kutakiwa kesho. Huenda pia alisema uongo ili amlinde kaka yake. Huenda alikiri kwa sababu alidhani kukiri ndiyo njia ya kutufurahisha. Basi tangu siku ya kwanza tunamwambia waziwazi: "Mambo ya kesi mweleze wakili au msaidizi wa kisheria. Sisi tueleze namna unavyolala."

Wasikilizaji wetu wengi hushangaa hapo. Kulala? Ndiyo, kulala. Mwulize kijana aliyekamatwa kama analala, kama anakula, kama moyo unamwenda mbio mlango unapogongwa, kama kuna sauti au harufu inayomrudisha mahali asipopenda kurudi. Hayo anaweza kuyasema bila kujifunga kamba shingoni, na hayo ndiyo yanayomtesa usiku. Vijana hao wengi wamepigwa kabla ya kutufikia, na wengi walikuwa wakipigwa miaka mingi kabla ya kukosa lolote. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wa kike na wa kiume, walikwisha kupata ukatili wa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Na kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikwisha kutendewa ukatili wa kijinsia. Mahabusu hukutanisha walioumizwa zaidi kati ya hao.

Kijana aliyepigwa sana tunamweleza hali yake kwa mfano wa mbwa wa zizini. Fisi akiingia usiku, mbwa hubweka, na ni vema abweke. Lakini kuna mbwa ambaye baada ya fisi kuingia mara tatu hubweka kwa kila jani linaloanguka, humwuma hata mwenye nyumba, wala halali. Mbwa huyo hana wazimu. Alijifunza kulinda, ila hajapata habari kwamba fisi ameondoka. Wachungaji huelewa mfano huu upesi kuliko wasomi. Kijana mmoja alituuliza: "Na kama fisi hajaondoka?" Aliuliza vema, kwa kuwa usiku ule alikuwa anarudi katika chumba kile kile, pamoja na watu wale wale aliowaogopa. Hakuna mazungumzo yatakayomtuliza mtu ambaye hatari yake ingalipo. Siku ile hatukuendelea na tiba. Tulikwenda kumtafuta Afisa Ustawi wa Jamii ili kijana ahamishwe.

Kuhusu maungamo yanayotolewa kwa fimbo, sisi wa sehemu hizi tuna sababu ya pekee ya kuyaogopa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, nao Shinyanga wakati huo ndio uliobeba Bariadi yote pamoja na Itilima ya leo, watu waliotuhumiwa kwa mauaji ya kishirikina waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilo, ingawa mkono wake haukumgusa mtu. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walianza huku huku Usukumani na Unyamwezini kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na hakuna hapa asiyejua faida waliyoleta. Tunawaheshimu. Lakini kijana aliyefungwa mikono nyuma na kuchapwa hadi aseme, atasema chochote kitakachoikomesha fimbo, na baada ya hapo hatasema tena neno la kweli kwa mtu mzima yeyote kwa muda mrefu. Sisi hupokea kijana huyo akiwa amenyamaza, na twaweza kutumia majuma mengi kurudisha kile kilichovunjwa kwa saa moja.

Lugha ya moyo

Yatupasa tukae kidogo juu ya lugha, maana hapa ndipo mambo mengi huharibika bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Polisi huandika kwa Kiswahili. Hakimu husikiliza kwa Kiswahili. Mtaalamu aliyetoka mjini huuliza kwa Kiswahili, tena cha vitabuni: "Unajisikiaje?" Kijana aliyekulia nyuma ya ng'ombe kati ya hapa na Pori la Akiba la Maswa, ambaye shule aliiacha mapema, hujibu "vizuri", na mtaalamu huandika kwamba mteja hana tatizo.

Hata ukimwuliza kwa Kisukuma, haitoshi. Atakujibu "mhola duhu", ni salama tu, kama adabu inavyomtaka ajibu, hata kama usiku kucha hakufumba jicho. Salamu si uchunguzi. Ni mpaka umalize salamu zote, uulize habari za mifugo, za mvua na za pamba, ndipo waweza kuuliza juu ya ng'holo, moyo. Tumejifunza kwamba kijana anayeshindwa kusema "nina huzuni" kwa Kiswahili, kwa Kisukuma ataeleza moyo wake ulivyo: mzito, umekaa vibaya, umekimbia. Maneno hayo tunayaandika kama alivyoyasema, wala hatuyageuzi haraka kuwa majina ya magonjwa.

Mkalimani naye achaguliwe kwa uangalifu. Asiwe ndugu wa kijana, kwa kuwa kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya shangazi. Asiwe mgambo aliyemkamata. Asiwe mtu wa ukoo wa mwenye ng'ombe. Katika kijiji ambacho kila mtu ni ndugu au jirani wa mwingine, kumpata mtu huyo ni kazi, nasi mara nyingine tumemwomba mwalimu mstaafu kutoka kata nyingine aje kwa baiskeli.

Baada ya hukumu

Hukumu ikishatoka, mambo hubadilika. Sasa tendo lenyewe laweza kusemwa, tena ni lazima lisemwe, kwa sababu kijana asiyewahi kulitazama alilotenda huendelea kulibeba bila kujua anabeba nini.

Iko njia moja tunayoipenda, iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz huko Ujerumani na kujaribiwa karibu nasi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, na yalihusu Wanyarwanda na Wasomali 277. Kinachotupa moyo ni kwamba waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi hiyo. Kamba hutandazwa sakafuni, nayo ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Kwa kila jambo baya huwekwa jiwe, na kwa kila jambo jema huwekwa ua. Kisha mtu huanza mwanzo wa kamba na kusimulia, mahali kwa mahali: uliona nini, ulisikia nini, mwili wako ulifanya nini, ulifikiri nini. Hapa kwetu, maua yakikosekana, tunatumia pamba.

Kijana akishika jiwe la siku ile ya kosa, tunamwomba asimulie taratibu, asiruke. Na mara nyingi pembeni ya jiwe hilo yapo mawe mengine ambayo mahakama haikuyaona. Mmoja aliyeiba mbuzi aliweka jiwe la siku baba yake alipokufa, na jiwe la siku ng'ombe wa marehemu walipogawanywa naye hakupewa hata ndama. Mwingine alikutwa na ng'ombe ndani ya hifadhi. Ng'ombe walikuwa wa tajiri mmoja, na tajiri hakuonekana mahakamani wala hakutuma hata senti ya nauli kwa mama wa mchungaji wake. Mawe hayo hayafuti kosa. Lakini kijana anayaona yote kwa mara ya kwanza yakiwa nje ya kifua chake, na mara nyingi huanza yeye mwenyewe kuuliza juu ya mtu aliyemdhuru: "Na yule mzee, mbuzi wake waliobaki wako wangapi?" Hatukumfundisha swali hilo.

Wapo pia wale ambao walipokuwa wakimpiga mtu waliona raha. Jambo hili watu wa Kanisa hawapendi kulisikia, lakini ni kweli, na kijana mwenyewe linamtisha kuliko adhabu. Washauri waliofanya kazi Goma, mashariki mwa Kongo, na vijana waliotoka katika vikundi vya silaha, waliona haja ya kijana kuruhusiwa kulisema hilo. Basi tunalisikiliza bila kukunja uso. Ninyi mnaofahamu siri ya kitubio mtaelewa upesi kwa nini mahali pa namna hiyo panahitajika, ingawa sisi hatuondolei mtu dhambi, wala siri yetu haina nguvu ya siri ya padre. Yetu ina mipaka, na tunamweleza kijana mipaka hiyo siku ya kwanza: akituambia kwamba ataka kujiua, au kuna mtu atakayeuawa, au yeye au mtoto mwingine anaendelea kutendewa ukatili, hatutanyamaza. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayenyimwa haki zake azipeleke kwa serikali za mitaa, nasi tumo.

Juu ya wasichana tutasema machache, si kwa kuwa shida yao ni ndogo. Ni wachache mbele ya mahakama, lakini anapofika msichana aliyeficha mimba na kujifungulia porini peke yake, usiulize kwanza habari za mtoto. Hakikisha ameonwa na muuguzi, maana wengine huletwa wakiwa bado wanatokwa damu. Na mwanamume aliyempa mimba, mara nyingi, yuko kijijini anauza duka lake.

Je, huku si kumbembeleza mwizi?

Swali hili tuliulizwa hapa hapa mwaka jana na mzee mmoja ambaye maksai wake wawili waliibwa wakati wa kulima, akakosa msimu mzima. Tunaliheshimu swali lake. Hasara ile haikufidiwa na machozi ya mtu, na yeye hakuna aliyeketi naye kumwuliza analalaje. Tunakiri kwamba katika nchi yetu aliyedhulumiwa husahaulika mara tu anapomaliza kutoa ushahidi. Tungependa Tume iwe na watu wa kumtembelea yeye pia, tena kabla ya kumtembelea aliyemwibia.

Ila tumjibu mzee wetu jambo moja. Kijana huyu hatafungwa maisha. Atarudi. Kama ni Irambo, atarudi baada ya muda usiozidi miaka michache, na atapita njia ile ile ipitayo kando ya zizi lako. Swali lililobaki ni atarudi akiwa nani. Mwaka 2012 Idara ya Ustawi wa Jamii ilianzisha huko Temeke, Dar es Salaam, mpango wa kuwarekebisha vijana wakiwa majumbani mwao, wakienda kwa washauri kwa ratiba huku wakiendelea kuishi na wazazi. Msingi wake ni rahisi: ukimwondoa kijana katika mazingira yaliyomkosesha na kumrudisha baadaye pale pale bila kugusa kitu, umeahirisha tu shauri. Kijana wa Itilima akipelekwa mbali, mama yake hawezi kumtembelea, baba hujifunza kumsahau, na mshauri wa huko hajui hata jina la mto wa kwao.

Ninyi mwaweza nini

Msituambie kwamba hamna wataalamu. Ni kweli hamna, na hamtapata wa kutosha kwa muda mrefu ujao. Lakini mnao watu. Katika vijiji na miji ya Moshi, na ya Bungoma huko Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi na wenye majeraha ya moyo walishirikishwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020. Nusu yao walihudumiwa na watu wa kawaida, wasio na shahada ya saikolojia, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri, kwa vikao 12 vya vikundi, juma kwa juma. Katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliohudumiwa walipata nafuu kuliko wale walioachiwa huduma za kawaida. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa wa moyo kwenye mabenchi nje ya zahanati, na mpango wake umefika hata Zanzibar. Neno la kushika hapo ni "kusimamiwa". Mtu mwenye huruma asiye na msimamizi huchoka, au huanza kutoa siri ili apunguze mzigo.

Tunaomba kila kigango kitupe watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaojua Kisukuma vizuri na wanaosifika kwa kutozungumza sana. Msitupe mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti. Msitupe mtu ambaye kila mkutano anafungua yeye na kufunga yeye. Tunaye mama mmoja kati ya wasaidizi wetu ambaye hajui kusoma. Huketi karibu na kijana akichambua mchele, na vijana humweleza mambo ambayo sisi wenye vyeti hatujaambiwa.

Jumuiya ndogondogo nazo zina kazi yao, na hii ni ngumu kidogo. Kijana anaporudi, msimwite mbele kutoa ushuhuda. Tumeona mara mbili vijana wakisimamishwa mbele ya watu, kwa nia njema kabisa, ili waeleze walivyokosa na walivyotubu. Wote wawili waliondoka kijijini kabla ya mavuno. Mpeni jembe, mpeni zamu ya kuchota maji wakati wa ujenzi, mwacheni akae na wenziwe. Kama ipo fidia ya kulipa, wazee wa pande mbili waketi na familia zote mbili, mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii, waafikiane kiasi ambacho mama mjane aweza kukilipa bila kuuza shamba. Na yule anayemwita kijana huyo "jela" njiani, mumkanye siku ile ile.

Wazazi mliopo hapa ambao wana wenu wako mahabusu sasa hivi, nendeni. Nendeni hata kama mmeaibika, hata kama mmekwisha kusema mbele ya ukoo kwamba si mwana wenu tena. Sheria inawataka muwepo mahakamani, na kijana hutazama mlango tangu asubuhi. Mkifika msimwulize kwa nini. Mwulizeni kama amekula.

Nauli ikiwa ni shida, Katibu wa Tume ana orodha ya tarehe za mashauri na ya wale wanaosafiri pamoja. Paroko amekubali kwamba daftari za ubatizo zitafunguliwa kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya watakaohitaji nakala. Majina ya wasaidizi wawili wawili kutoka vigangoni tutayapokea kabla ya msimu wa kupanda, kwa kuwa mafunzo yataanza mara tu baada ya palizi ya kwanza. Sasa tutapokea maswali, na wale wenye maswali yanayomhusu kijana mmoja mmoja tunawaomba wasubiri, tutawasikiliza faragha chini ya mwembe.